Bata wa Mama na Gripi ya Aina ya B

Bata wa mama walihukumiwa kifo bila kusikilizwa. Hakimu alikuwa baba mkubwa, kaka ya marehemu baba yangu. Tangu baba atutoke, neno lake katika nyumba yetu ya Kavimvira, kando ya ziwa, halipingwi. Alikuja kutoka Luberizi kututembelea, na wiki hiyohiyo nyumba nzima ikalala na gripi: mama, wadogo zangu, na mimi ambaye ni muuguzi. Homa, viungo kuuma, kikohozi cha kutikisa mabati. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatembea.

Asubuhi moja alisimama katikati ya ua, mikono nyuma, akiwatazama bata.

"Minye nilisikia ku radio," alisema. "Gripi inatokaka ku bata. Bata iko hapa, na batu bote banakohoa. Munatafuta nini ingine? Siku ya posho tutaichinja yote. Na hakuna kula, tutaichoma."

Siku ya posho ni Jumamosi. Mama alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani, akakishusha kidogo. "Kuchoma? Bata yangu? Shemeji, iangalie basi. Haina hata kamasi!"

"Bata inawezaka kubeba ugonjwa na haiugue," baba mkubwa akajibu.

Kilichoniudhi ni kwamba hapo alisema kweli. Bata anaweza kubeba kirusi cha gripi huku anajisafisha manyoya kama bibi harusi. Mimi si mtu wa kunyamaza, lakini nilipofungua mdomo kikohozi kilinikamata, na hakimu akaondoka na ushindi.

Ni lazima nieleze kuhusu hao bata. Ziwa lilipopanda likaingia kwenye ua wetu, kuku wa mama walikufa wote. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi Bukavu, na wadogo zangu walikuwa nami kwa masomo. Tulimpigia mama simu kila siku tukimwambia ahame, naye akatujibu kwamba nyumba aliyojengewa na mumewe haiachii samaki. Alipandisha kitanda juu ya matofali akabaki, na bata wakawa wanaogelea sebuleni, chini ya picha ya harusi. Maji yalipoondoka aliwapa haki zote za wenyeji. Anaongea nao kila asubuhi, na wakichelewa kumjibu anawagombeza.

Nilipopata nguvu kidogo nilirudi kazini. Siku hizo kituo chetu cha afya kilikuwa kinachukua vipimo vya wagonjwa wenye homa na kikohozi, kuvipeleka maabara ili ijulikane ni gripi gani inazunguka mjini. Mwenzangu alinisikia nikikohoa kuliko wagonjwa wenyewe. Akanikalisha, akanisukumia kijiti cha pamba puani mpaka nikaona nyota mchana. Jioni nilimwomba baba mkubwa asubiri jibu la maabara. Anaheshimu sana mambo ya maabara, akakubali, lakini kisu akakinoa palepale, mbele ya mama.

Basi nikaanza kusubiri kwa hofu. Kwa macho huwezi kutofautisha gripi moja na nyingine, zote zinalaza mtu vilevile. Tofauti iko kwenye ukoo. Gripi ya aina ya A ni kama wafanyabiashara wa mpakani kwetu: ina ndugu kila upande, kwa bata, kwa nguruwe, kwa watu, na mara mojamoja ikivuka inarudi na nguo mpya, mwili usiitambue. Ndiyo maana A ndiyo inayoweza kuzua janga la dunia nzima. Aina ya B ni mkaa nyumbani. Inabadilika polepole, inaishi kwa binadamu karibu peke yao, na bata hawana habari nayo. Ilikuwa na matawi mawili, na moja halijaonekana tena tangu wakati wa korona. Lakini isikudanganye kwa upole huo, watoto inawatesa kwelikweli.

Sasa, hata kama jibu lingekuwa A, bata wangekuwa bado hawana kosa. A zinazorudi kila mwaka zimekwisha kuzoea watu, zinapita kutoka mtu hadi mtu, na hazihitaji bata. Lakini nenda ukamweleze hilo mtu mwenye kisu mkononi! Angesikia "A" na "bata," angekuwa amekwisha kufika uani. Kwa hiyo nilisali, Mungu anisamehe, nikamwomba anipe B. Sijui kama kuna muuguzi mwingine aliyewahi kujichagulia kirusi.

Simu ya maabara iliita tukiwa mezani, mbele ya bukari, ugali wetu, na dagaa tunaowaita ndagala. Niliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Yako ni ya aina ya B," fundi wa maabara alisema.

Niliruka nikapiga vigelegele. Fundi akauliza kama nimeelewa kwamba nina ugonjwa.

Baba mkubwa akainama kwenye simu. "Na hiyo B, bata haiwezi kuileta?"

"Hapana, papa. Hiyo mtu anaitoa kwa mtu mwenzake. Ila bata wakianza kufa ovyo, musiwashike, muite daktari wa mifugo."

Simu ikakatika. Mama akanawa mikono taratibu, akaifuta, akamgeukia shemeji yake.

"Basi muntu njo aliileta. Muntu gani?"

Sote tulikumbuka. Baba mkubwa alifika kwetu anapiga chafya, macho mekundu, akasema ni vumbi la barabara ya Luberizi. Na alitusalimia kama tunavyosalimiana huku watu tunaopendana, kichwa kwa kichwa, kushoto, kulia, kushoto tena, hakumruka hata mtoto. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Wenyeji tulilala wiki nzima.

"Ile ilikuwa vumbi," akasema kwa sauti ndogo.

"Ile vumbi iko na homa," mama akajibu, na wadogo zangu wakacheka mpaka bukari ikawapalia.

Mama hakucheka. "Shemeji, maji ilipoingia humu, mulinipigia telefone, weye na batoto. Minye nilishukuru. Lakini bata njo zilibaki na minye."

Hapo hata mimi niliacha kucheka. Nilitazama sahani yangu. Baba mkubwa alinyanyuka, akachukua kile kisu, akakirudisha jikoni mwenyewe.

Alirejea Luberizi siku iliyofuata. Baada ya mwezi tukasikia pikipiki langoni. Alikuwa ameleta gunia la pumba za mpunga. Nilikwenda kumpokea, kichwa tayari kwa salamu, lakini akanipita. Alitua gunia uani, akavua kofia, akawainamia bata.

"Jambo yenu," akawaambia, "benye nyumba."