Mkoba wa Spesioza

Harufu ya spiriti ikinipitia puani, hata kama ni fundi simu tu anafuta kioo, moyo wangu huruka kwanza, halafu huona aibu. Unakuwa umeshanirudisha Nyamiaga, kwenye uwanja wa kanisa uliojaa maturubai, miaka ile wakimbizi walipokuwa wengi kwetu hadi kuni tukazifuata mbali.

Likizo hiyo kanisa lilianzisha kambi ya watoto. Wa wakimbizi na wa kwetu Wahangaza walikuja pamoja asubuhi, wakaimba, wakacheza, wakanywa uji, jioni wakarudi makwao. Wakatafutwa wasichana wa kuwaongoza, na hao wakafundishwa na nesi namna ya kumhudumia mtoto aliyeumia au kuugua kabla hajafika zahanati. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, na unesi nilikuwa nauota tangu nilipokuwa naosha vidonda vya mbuzi wetu. Nilijua jina langu litasomwa. Likasomwa la Spesioza.

Spesioza alikuwa Mrundi, rafiki yangu tuliyechota naye maji. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilitamani apate mafua siku ya mafunzo.

Alipewa mkoba wa bluu wa turubai: bandeji, pamba, mkasi, sabuni, kichupa cha spiriti. Aliuvaa begani kutwa nzima, hata akienda chooni. Watoto walimfuata kama vifaranga, na aliyewazidi wote kumganda ni Neema, mdogo wangu wa miaka mitatu. Siku moja alirudi nyumbani na kidole kimefungwa bandeji nyeupe pe.

"Umeumia?" nikamwuliza.

"Sijaumia. Dada Spesi kanifunga tu."

Niliifungua ile bandeji nikatafuta kidonda. Hakikuwepo hata kikwaruzo. Nikakasirika kama vile nimeibiwa, kwa sababu Neema alilia akitaka afungwe tena, na si na mimi.

Basi nikaanza kwenda kusikiliza mafunzo dirishani, nimejificha nyuma ya mgomba. Nilimwona nesi kisogo tu, lakini siku ya somo la kuharisha nilijiona nimeshika kila kitu: maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Niliona mkono wake umeinua chupa ya bia iliyooshwa. Nikaondoka mbio kabla hajamaliza, nikijisemea, kumbe ni hivyo tu! Mkoba wa nini?

Haikupita wiki, Neema akaamka anaharisha. Mama alikuwa amekwenda Ngara mjini kuuza ndizi. Ningeweza kukimbia uwanjani kumwita Spesioza, na ni karibu tu. Badala yake, niseme ukweli, nilifurahi. Nikapima sukari, nikapima chumvi, nikajaza maji chupa moja ya bia, nikatikisa kwa madaha kama nesi mwenyewe.

Neema alikunywa akakunja uso. Nikamlazimisha. Akatapika. Nikampa tena. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo alivyozidi kulegea, midomo imekauka, na mimi nikawa namwambia, "Kunywa bwana, ni dawa hii."

Sasa kambini kulikuwa na sheria: mtoto asipofika, kiongozi wake amfuate kwao. Nikamwona Spesioza anakuja, mkoba begani. Nikasimama mlangoni.

"Neema yuko wapi?"

"Hayupo. Kaenda kwa bibi."

"Kwa bibi? Jana hakuniambia."

"Kwani lazima akuambie wewe? Wewe ni mama yake?"

Hapo ndani Neema akatapika tena, tukasikia wote wawili. Spesioza alinipita ubavuni kama mtu anayepita mlango wa banda la kuku, akapiga magoti kwenye mkeka, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilirudi polepole, dalili kwamba maji yamemwishia mwilini. Akaichukua chupa yangu, akaonja, akatema.

"Edita! Hii ni dawa au mchuzi?"

"Nimepima kama nesi," nikasema, machozi yananitoka. "Chupa moja."

"Oya, siyo! Chupa mbili! Zilikuwa mbili mezani. Na kwanza unaonja mwenyewe, ikiwa na chumvi kuliko machozi unamwaga."

Akamwaga. Akanawa mikono kwa sabuni, akanifanya na mimi ninawe, akatengeneza upya mbele yangu. Kisha akampa Neema kijiko kimoja, akangoja. Kingine, akangoja. Alikuwa anamnong'oneza, "Ihangane, ihangane," vumilia, na Neema, ambaye mimi nilimkaba apate kunywa, akafungua mdomo mwenyewe. Mtaniamini? Hata pale, nikiwa sijui kama mdogo wangu atapona, niliona wivu kwa kile kinywa kilivyofunguka.

Halafu akasema tumpeleke zahanati, macho yameshaanza kuingia ndani. Akambeba mgongoni, na mkoba akanivalisha mimi. Njia nzima nilikuwa nao begani, ule mkoba niliouota, na sikukumbuka kuutazama. Nilishika kikombe na kijiko, nikimnywesha Neema kila Spesioza aliposimama kupumua.

Nesi wa zahanati alimpima, akamlaza, akauliza, "Nani kampa maji ya chumvi na sukari? Kafanya vizuri."

"Sisi wawili, nesi," akasema Spesioza.

Jioni Mama alitukuta zahanati, Neema anadai ugali. Alimkumbatia Spesioza, akanikumbatia na mimi, nami nikazipokea shukrani zake.

Nilichukua miaka kuelewa tofauti yetu. Mimi nilitaka nionekane natibu. Yeye alitaka Neema anywe, basi. Nani anamnywesha, nani anasifiwa, hayo hayakumpitia kichwani. Aliishi jirani nasi karibu mwaka mzima baada ya pale, kisha familia yao ikaondoka. Nilikuwa na siku zote hizo za kumwomba radhi kwa uongo wangu wa mlangoni. Sikumwomba. Alikuwa ameshanisamehe bila kuombwa, na hilo nalo nilimwonea wivu.