Sinema Iliyofunikwa na Arusi

Juzi nimekaa saa nzima kwenye kochi la watu nisiowajua, hapa Bunia, komini ya Mbunya, nikitazama arusi yao. Arusi ya zamani. Kwenye televisheni bibi arusi anakata keki, na mwenyewe, sasa mama mzima mwenye binti aliyemaliza shule, ameketi kando yangu ananieleza nani ni nani: huyu shemeji, huyu alishafariki, huyu alikula nyama akasahau kucheza. Nikawa naitikia kwa adabu, lakini moyoni nawaomba wamalize kucheza waende kwao. Sikuijia arusi. Nilijia kilichokuwa chini yake.

Usinione nimechanganyikiwa, rafiki yangu. Kanda ya video iliyopigiwa arusi ile ilikuwa yetu kabla ya kuwa yao. Ilikuwa na sinema, ya kwanza na ya mwisho niliyocheza maishani, na ndani yake alikuwamo bibi yangu. Picha nyingine ya bibi haipo. Zote zilibaki Kpandroma siku tuliyokimbia, na nyumba ikaungua. Aliyepiga sinema ile anaishi Mahagi siku hizi, na ndiye aliyeniambia kwa simu kwamba arusi haikuijaza kanda. "Kule mwisho kulibakia kama dakika mbili," alisema. "Koko yako iko pale," yaani bibi yangu. Basi nikafunga safari.

Sinema ile tuliipiga hapa Bunia, miaka ile ya amani ya mashaka, unaijua. Risasi zilikuwa zimenyamaza mjini, shule zimefunguliwa, asubuhi inanuka moshi wa makaa na mandazi, na wanawake wanapita na mabeseni ya samaki wa ziwani wakiita wateja kwa sauti. Lakini hakuna nyumba iliyofungua virago vyake vyote. Karibu na mlango wetu ulikaa mfuko wenye nguo, chumvi na karatasi zangu za shule, na kila Jumamosi bibi aliufungua, akaupa hewa, akaufunga tena. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuchambua maharagwe. Kazi ya bibi ilikuwa kuniambia kwamba nachambua vibaya.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa kijana mpiga picha za arusi. Tulimwita yaya, kama tunavyowaita wote waliotutangulia kuzaliwa, wa kiume au wa kike. Alikuwa na kamera moja, betri inayokufa upesi, na wazo lililomnyima usingizi: sinema ya msichana anayefichwa na jirani wa kabila jingine wakati wa mashambulizi. Msichana huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikuwahi kuhitajiwa mahali popote namna ile. Nilitembea mtaani nimeinua kidevu mpaka wenzangu wakachoka nami.

Nilidhani kuigiza vita ni kupiga kelele na kuanguka. Kumbe! Yaya alikuwa mwoga kuliko mama mwenye kitoto kichanga. Bunduki alizikataa kabisa, hata za mti, hata za maganda ya migomba, kwa sababu mtu anayekuona kwa mbali hana muda wa kuuliza ni ya mti au ya chuma. Mapanga yalikuwa kadibodi iliyovishwa karatasi ya kung'aa ya paketi za sigara, na makali yake yalikunjwa yasije yakachana ngozi. Mpigaji alikata hewa, mkono mzima mbali na shingo yangu, naye yaya akaiweka kamera upande ambao umbali ule hauonekani. Wavamizi walivaa magunia kichwani na walikatazwa kusema hata neno moja, maana lafudhi ya mtu ina kwao, na yaya hakutaka kabila lolote lijione pale. Mtu akiumia alitakiwa aite "Bugali!", yaani ugali, na wote wasimame palepale. Tulirudia wiki tatu. Hakuna aliyepata hata mchubuko.

Damu ndiyo ilimshinda. Alichemsha maua mekundu ya ngai-ngai, akatia sukari na unga wa muhogo iwe nzito, na bado ikaonekana sharubati ya sikukuu. Bibi alikuwa anatutazama kutoka jikoni. Akaja, akachungulia sufuria, akasema, "Damu haiko hivi. Leta kahawa." Akatia kahawa kijiko kimoja, akakoroga, akatia kingine, akajipaka mgongoni mwa mkono, akatuonyesha. "Ya sasa iko hivi. Ikikaa, inakuwa nyeusi. Muache hii ingine ikae mupaka jioni." Yaya aliitikia kwa kichwa tu. Hakuna aliyemuuliza amejuaje, na mimi nilitazama maharagwe yangu.

Halafu akanipaka kwenye paji la uso ili yaya aione kwenye kamera. Nikalala chini, nikafa vizuri kabisa, macho nusu wazi kama nilivyofundishwa. Tone likateremka mpaka mdomoni. Lilikuwa tamu. Nikatoa ulimi, nikalamba. Bibi akacheka! Alicheka na sufuria mkononi, kitenge kikamlegea, akasema, "Angalia maiti yangu, iko na njaa!" Kamera ilikuwa inakwenda. Ndizo dakika mbili ninazokuambia.

Siku ya kupiga lile shambulio kubwa, yaya alishamaliza kila alichoweza kufikiria. Alikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, na barua, ikapigwa muhuri. Polisi waliambiwa. Jumapili ilitangazwa kanisani baada ya ibada: mutaona batoto ya sinema na damu ya uongo nyuma ya bohari ya kahawa, musiogope. Watu walicheka, wengine wakaahidi kuja kutazama. Mahali palikuwa pazuri, ukuta umebomoka nusu, nami nilitakiwa kuuparamia na kuanguka upande wa pili.

Yaya akachungulia kule upande wa pili, akaona mawe. Akakataa. "Bila matela, mutoto haanguki," akasema. Nikamwambia naweza. Wavamizi wakamwambia ninaweza. Wingu lilikuwa linapanda, betri ilikuwa inakufa, na yeye amesimama pale kama mlingoti: bila godoro, hapana. Nikachomoka mbio kwenda nyumbani, nimeshapakwa damu yangu usoni. Bibi alinipa godoro lake la sponji mwenyewe, akanikunjia, akanifunga kwa kamba, akaniweka kichwani. "Ukimbie, mvua iko inakuja," akasema. "Nataka kulala pakavu." Nikakimbia. Njia fupi ilipita kando ya soko dogo.

Wewe mtu wa Bunia umeshaelewa. Miaka ile, mtu anayekimbia na godoro kichwani hakuwa na maana ya pili. Godoro ndicho kitu cha kwanza kila familia ilichojitwisha ilipokimbia. Sikuwaza. Niliwaza mvua na betri. Nikasikia mwanamke nyuma yangu akisema "Mungu wangu," polepole, na mwingine akauliza, "Wako wapi?", na kabla sijageuka nikasikia mabeseni yakianguka.

Milango ya maduka ilifungwa kwa mfululizo. Samaki walikanyagwa. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba damu yangu aliiona na hata ilimchekesha, maana kanisani walikuwa wameambiwa. Godoro hawakuwa wameambiwa. Nikasimama katikati ya njia nikapiga kelele: "Ni sinema! Ni sinema!" Kisha, utacheka, nikaita "Bugali! Bugali!" kwa nguvu zangu zote. Nani asimame? Watu wanakimbia kwa ajili ya roho zao na kitoto kimepakwa kahawa kinawatajia chakula.

Nilipofika kwenye bohari, watu walikuwa wanamiminika barabarani mbele ya ukuta wetu, mamia, na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Ndivyo hasa yaya alivyokuwa ameandika kwenye daftari lake, na hakuwa na namna ya kuwapata watu wengi kiasi kile. Mvamizi mmoja alikuwa amevua gunia, anamvuta shati: "Yaya, piga! Piga! Hatutapata tena!" Yaya alikifunika kioo cha kamera. Akaiweka chini juu ya kandambili zake, akatoka peku mbele ya umati, mikono juu, akiwaapia kwamba hakuna kitu, warudi, ni kosa lake.

Nilimkasirikia, sikufichi. Nilimkasirikia miaka mingi. Dakika kumi tu angeacha mashine iende, na tungekuwa na sinema. Siku hizi najua kwamba alifanya sawa, na kujua kwenyewe hakujaniondolea hasira.

Jioni tulimkuta bibi kwenye uwanja wa parokia, ameketi na mfuko wake mapajani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa amepitia mashambani, mzee yule, akaacha chungu motoni.

"Koko, si ni weye ulinipa matela?" nikamuuliza.

"Ni miye."

"Basi juu ya nini ulikimbia?"

"Niliona batu banakimbia," akasema. Akanishika bega ainuke.

Shefu wa kartie alimwita yaya kesho yake. Hakupiga kelele. "Mulituomba ruhusa ya damu," alimwambia. "Hamukuomba ruhusa ya kukimbia." Sinema ikaisha hapo. Mapanga ya kadibodi tuliwashia moto. Baada ya wiki chache yaya akapata arusi, barabara zilikuwa zimefungwa na mjini hakuna kanda mpya hata moja, akachukua ile yetu. Hakuniuliza. Alisema haina kazi tena. Bibi alikufa mwaka uliofuata, kitandani mwake, na siku hizi nikifumba macho naona kitenge chake na mikono yake, na mahali pa uso pana ukungu. Hilo ndilo linaloniuma. Bohari limebomolewa, soko limehama, hayo nayavumilia. Uso wake sitaki kuuachia.

Basi juzi nikakaa, nikatazama. Keki, zawadi, hotuba ya mjomba isiyo na mwisho. Maharusi wakaingia garini, gari likaondoka, na televisheni ikawa nyeusi. Nikangoja. Ikabaki nyeusi.

"Imeisha?" nikauliza.

"Imeisha, mama. Ni hapo."

Nikamuuliza kama kwenye kanda yenyewe hakukuwa na kitu zaidi, kule mwisho. Akafikiri kidogo. Ndiyo, akasema, zamani kilikuwapo. Mwaka jana walimpa kijana mmoja wa mjini aihamishe kwenye flashi, maana kanda zinaoza, wakamwambia aisafishe vizuri. "Kule mwisho kulikuwa kamuzee kamoja, kanamuke, kanacheka na sufuria. Hata bwana yangu hakukajua. Tukasema labda mupiga picha alikosea, atoe."

"Na kanda?"

"Tulishaitupa. Haikuwa na kazi tena." Akaniangalia usoni, akasogeza sahani ya karanga karibu nami. "Mulikuwa munamujua?"

Nikasema ndiyo. Akaomba msamaha, mama wa watu, mara mbili, tatu, na mimi nikashindwa kumwambia si kitu. Badala yake nikamuuliza uso wake ulikuwaje. Akafumba macho, akajaribu kweli kukumbuka, kisha akatikisa kichwa.