Maziwa na Pilipili

Wiki iliyopita nilienda River Road kuchapisha wasifu wangu wa kuombea kazi kwa mara ya nne. Nilikuwa nimesoma ule wa tatu usiku kucha nikaona neno "mchangamfu" linanisingizia, lakini niliowauliza wakasema libaki, nikabadilisha mengine. Nilipokuwa nikingoja karatasi, nikasikia mtu nje akielekeza lori: "Kuja! Kuja! Kata yote! Kuja!" Nikatoka nikafuata sauti hadi lori lililokuwa likiegeshwa barabarani, mbele ya mteremko niliouchukia kuliko mahali popote duniani, na ambao sasa, rafiki yangu, nauona kwenye ndoto mara nyingi kuliko nyumba niliyozaliwa.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa na karakana ya vitanda nyuma ya nyumba yetu, kule Uthiru. Nyumba nzima ilinuka vanishi. Unga wa mbao uliingia kwenye chai, kwenye githeri, kwenye nywele, na jirani yetu alikuwa akisema watoto wa nyumba ile watakohoa stuli. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kupiga msasa miguu ya vitanda, minne kwa kila kitanda, mpaka vidole vipoteze alama zake. Jumamosi tulivipakia kwenye trela tuliyoundiwa na fundi wa kuchomelea, tukaifunga nyuma ya pikapu, tukaelekea mjini, River Road.

Duka lililonunua vitanda vyetu lilikuwa chini ya jengo. Ili ufike mlangoni, ulilazimika kurudi nyuma na trela kwenye mteremko mwembamba, maana huko chini hakukuwa na nafasi ya kugeuza hata mkokoteni. Upande wa kushoto wa dereva palikuwa na bomba la maji lililopita ukutani, wazi kabisa, kama mtu aliyeweka mguu njiani ili akuangushe.

Aliyewahi kurudisha trela nyuma anajua ni mnyama wa aina gani. Ukizungusha usukani kulia, mkia unaenda kushoto. Ukiurekebisha kwa pupa, unajikunja kabisa. Ndiyo maana mama alipiga marufuku maneno kulia na kushoto. Alichukua rangi iliyobaki kwenye makopo, akapaka pembe ya nyuma ya kushoto nyeupe, na ya kulia nyekundu. "Nyeupe ni maziwa," aliniambia. "Nyekundu ni pilipili. Nikikosea njia, nitajie ninakotakiwa kupeleka mkia. Mambo ya usukani niachie mimi."

Mimi ndiye niliyekuwa macho yake ya nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na tayari nilikuwa mtu wa kuogopa. Usiku wa Ijumaa nililala nikirudia: maziwa, pilipili, maziwa, pilipili.

Watu wa mteremko ule sijawasamehe na sina mpango huo. Walikuwa mahamali, madereva wa malori waliosubiri zamu, na wanaume wengine ambao mpaka leo sijui walikuwa wakifanya kazi gani. Wakiona mwanamke kwenye usukani waliacha chai yao, wakaja na mandazi mkononi, kila mmoja mwalimu. Ndio waliofanya mama akwaruze ukuta kwa pembe nyeupe mara ya kwanza. Mara ya pili, wakimwamrisha kulia na kushoto kwa sauti kumi, aligonga bomba likapasuka, na magodoro ya dukani yakanywa maji.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata karani wa duka alitungoja pale juu, kalamu sikioni.

"Mathe, nisikize," alisema. "Ukigusa hiyo bomba leo, hizo vitanda zako utatafutia mtu mwingine."

Hapakuwa na mtu mwingine. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa nimetembea na mama maduka yote ya barabara ile, na kila duka lilitutazama kama tumekuja kuomba choo.

Nikashuka, nikasimama mahali pangu chini ya mteremko, ambapo mama angeniona kwenye kioo cha pembeni. Pikapu ikaanza kurudi.

"Maziwa," nikaita. "Maziwa kidogo."

"Huyu mtoi anauza nini?" akauliza dereva wa lori akinitazama. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Siste, shuka upatie wanaume usukani!"

"Gari si jiko, mathe! Kata kulia!"

Mkia ulikuwa umeanza kuelekea kwenye bomba. Nilihitaji neno moja tu, na lilikuwa kinywani. Lakini dereva yule alinisogelea akaninyooshea kidole usoni. "We! Unaambia mamako nini? Mwambie kulia! Unataka agonge?" Nikaanza kufikiri. Huo ndio ugonjwa wangu hadi leo. Nikafikiri labda wao ni wengi, labda wao ni wakubwa, labda wanaendesha malori kwa sababu wanajua.

Nikapiga kelele: "Kulia!"

Pikapu ikasimama.

Haikwenda kulia, haikwenda popote. Kati ya bomba na pembe nyeupe palibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Juu barabarani honi zikaanza. Hamali mmoja akapiga boneti kwa ngumi. "Mathe umelala? Toa hii takataka!" Karani akachomoa kalamu sikioni kana kwamba anakwenda kuandika hukumu. Mama hakutoa kichwa dirishani. Kwenye kioo niliyaona macho yake, na hayakuwa yakiwatazama wao. Alikuwa amefunga mtaa mzima, na alikuwa ananingoja mimi.

Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nalia.

"Pilipili," nikasema. Halafu kwa sauti: "Pilipili! Pilipili, mama! Sawa, nyoosha!"

Mkia ukaliacha bomba, ukateremka katikati ya mteremko taratibu hadi mlangoni. Hakuna aliyepiga makofi. Dereva alitema mate akarudi kwenye chai yake. Karani akasema, "Shusheni haraka, mmefungia watu njia."

Tukiwa njiani kurudi, mama alinimenyea ndizi kwa mkono mmoja. "Usiniletee tena maneno yao," alisema. "Hayo nayasikia mwenyewe. Wewe ndiye unayeona trela. Wao wanaona mwanamke."

Tuliteremka pale miaka mingine mitatu bila kugusa kitu. Kisha duka likaanza kuuza vitanda vya chuma vya kutoka nje, na karani akatuambia habari hiyo bila kuinua macho. Mama aliuza pikapu. Trela iko uani hadi leo, kuku wanalala humo, na rangi imebanduka yote isipokuwa kipande cha pilipili.

Mdomo wa mteremko sasa umezibwa na vibanda vya vifuniko vya simu. Nilichungulia katikati ya viwili mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nanunua au natazama. Nilirudi nyumbani na wasifu wangu wa nne, nikamweleza mama.

"Na yule karani?" akauliza.

"Sikumwona."

"Afadhali. Na ukuta?"

"Upo. Ule mkwaruzo wetu mweupe pia upo."

Alikuwa akichambua mboga. Akacheka kidogo, cheko ambalo si la furaha hasa. "Wasiupake rangi," alisema. Kisha akaziona karatasi mkononi mwangu, akaacha mboga, akanitazama kama alivyonitazama kwenye kioo kile.

Nilikuwa nimeshawauliza watu saba niandike nini. Nikachukua kalamu nikalikata lile neno "mchangamfu".