Sweta ya Bluu

Mambo ya kujua ndiyo ninasoma hapa Bunia, univesite: mtu anajua kitu namna gani, na wapi anajidanganya tu. Majirani wananicheka, eti hiyo itanilisha nini. Waache wacheke! Lakini kuna siku nilitaka kuyachoma yale masomo yote.

Profesa alisema: "Uko ndani ya nyumba. Unasikia kelele juu ya mabati, unasema mvua inanyesha. Kumbe ni watoto wanarusha mchanga. Lakini inje, pole pole, mvua imeanza kweli. Je, ulijua?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Sababu siye tulikuwa tumemaliza matanga ya kaka yangu. Vita vilipofika kwetu Djugu, alikimbilia porini. Baadaye baba mudogo alionyeshwa maiti. Uso haukujulikana tena, ila sweta aliijua: ya bluu, kiwiko kimoja kina kiraka cha uzi mwekundu. Mama ndiye aliyeifuma. Wakazika palepale. Huku Bunia tulilia, tukanyoa vichwa, tukagawa nguo zake. Mimi nilipewa koti.

Juma lile lile la mvua ya profesa, mama mmoja aliyekimbia pamoja na kaka akatufikia nyumbani. Akaona vichwa vyetu, akauliza. Tukamueleza ile sweta.

"Sweta?" akasema. "Lakini alimvalisha mutoto wa jirani yenu, alikuwa anatetemeka na homa! Kisha tukapotezana."

Mungu wangu! Nilimchukia huyo mama, nikamchukia profesa, nikalichukia koti. Pengine kaka alikufa kweli, kwenye kilima kingine. Pengine anatembea. Tangu hapo mlango ukigongwa ninakimbilia kufungua, na ni muuza makala ya jiko tu.

Siku hiyo mama yangu alijipapasa kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota.

"Weye unasoma mambo ya kujua," akaniambia. "Basi ile siku nililia nani?"

"Ulilia mutoto wa jirani, mama."

Jirani huyo yuko kambini, hapa karibu. Alikuja kwenye matanga yetu. Alimkumbatia mama, akasema yeye afadhali, mutoto wake hajapatikana, bado anamungoja.

Mama akasimama, akajifunga kitenge. "Twende tumuambie."

Mlangoni akageuka. "Na wetu?"

Miaka yote ile ya kusoma.

"Sijui, mama."