Nilipanga Marejeo ya Mwalimu Wangu Bila Kuyasoma

Admin, nifichie jina, maana Homa Bay ni ndogo na watu wa kazini kwangu wako humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, msaidizi wa utafiti katika taasisi moja hapa mjini. Nina aibu hata ya kujitazama kwenye kioo.

Mwaka huu nilipewa kazi ya kupima ni watafiti gani wa ziwa wanaochanganya fani kweli na nani anajisifu tu. Kipimo chenyewe ni marejeo, ile orodha ya maandishi wanayonukuu mwishoni mwa makala. Ukinukuu watu wa samaki, wa afya na wa kilimo, alama zako zinapanda. Ukinukuu fani moja, zinashuka. Majarida makubwa kompyuta inayatambua yenyewe. Yale isiyoyatambua, yaani ripoti za zahanati, tasnifu za wanafunzi, maandishi ya vikundi vya akina mama, nilitakiwa niyasome moja moja na kuyapanga kwa mkono, kila moja katika fani yake.

Sikuyasoma. Nikiona kichwa kina neno Karungu, huko ufuoni mwa ziwa, nilisema hao ni wavuvi, nikayatupa yote kwenye uvuvi. Mimi mtoto wa kisiwa cha Rusinga, niliyelelewa kwa mihogo ya shamba la mama, nikaamua kwamba watu wa ziwani ni samaki tu.

Kati ya watafiti hao alikuwemo mwalimu wangu wa chuo, nitamwita Mama Daktari. Anachunguza lishe ya watoto wa Karungu pamoja na nesi mmoja na mama mmoja mkulima, na marejeo yake mengi ni hizo ripoti za huko huko. Akatoka wa mwisho.

Nilidhani atabisha. Alikuja ofisini, akaketi, akaomba kuona matokeo. Nikamwonyesha jedwali, marejeo sikumwonyesha. Akasema taratibu, "Nyathina, mwanangu, kumbe miaka hii yote nimekuwa nikijidanganya. Kama ni wewe umehesabu, mimi naamini."

Wiki iliyofuata akawaambia nesi na yule mkulima wapumzike, kwamba anatafuta wataalamu wa fani nyingine. Nesi nilikutana naye sokoni. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Sasa sisi tulikuwa fani gani?" Nikajifanya napokea simu, nikaondoka.

Ndipo nikarudi kuyasoma yote. Mama Daktari si wa mwisho, ni wa kwanza, tena kwa mbali. Na rejeo la kumi na nne ni tasnifu yangu mwenyewe ya chuo, juu ya mihogo na watoto wa Karungu. Alininukuu. Nami nilijitupa kwenye uvuvi bila hata kusoma jina langu.

Kamati ya taasisi inakaa Jumatatu kuamua, kwa alama hizo, ni kikundi gani cha utafiti kitaendelea. Nikisema, kazi sina, na mkuu wangu aliyetia sahihi matokeo hayo ataaibika pamoja nami. Kazi nitatafuta nyingine. Ninachoogopa ni kumtazama usoni mtu aliyenisoma vizuri kuliko nilivyomsoma mimi.

Ndugu zangu, msinihurumie. Nianze na kamati, na Mama Daktari, au na yule nesi niliyemkimbia? Nielekezeni, Jumatatu haiko mbali.