Povu Mbele ya Wakwe

Nyinyi chekeni tu, maana mimi nikikumbuka siku ile hujifunika shuka mpaka kichwani, ingawa chumbani nalala peke yangu.

Ami yangu Saidi alinipeleka Ndia Kuu, kwa kina Rukia, kumposa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya nionekane (na kukaa kimya ndiyo kazi pekee niiwezayo). Lakini kwanza tulikirimiwa biriani, na mamake Rukia kila nikimaliza sahani akanijazia nyingine, nami kukataa naona haya, nikala, nikala, mpaka kiungulia kikanipanda kifuani kama kaa la moto.

Mfukoni nilikuwa na pakiti ya dawa ya unga, ile ya kutia kwenye gilasi ya maji, ikafoka povu, ukangoja itulie ndipo unywe. Jagi la maji lilikuwa mbele ya babake Rukia, na wazee washaanza mazungumzo yenyewe. Nikaona haya kuomba. Nikajiambia, mate nayo si maji? Nikageukia ukutani kama nataka kupiga chafya, nikajimwagia unga wote mdomoni.

Loo! Povu likajaa mashavuni, likatoka mdomoni, likatoka puani, likateremka kwenye kanzu (ya kuazima, tena), nikitaka kusema "dawa" inatoka "bububu" tu.

"Kifafa!" akapiga kelele babake Rukia.

"Kifafa wapi, huyu ana jini!" akasema nyanyake, na keshaanza kunisomea. Ami Saidi akanikamata miguu, sijui nikimbilie wapi.

Rukia akatokeza nyuma ya pazia, akaiokota pakiti. "Nyanya, hana jini, ni dawa ya kiungulia! Wameandika ichanganywe na maji, na usinywe ukiwa umeshiba kupita kiasi."

Nyanya akanitazama.

"Mwanangu, maji yamekushinda kuomba, mke utamwomba vipi?"

Waliangua kicheko hata Ami Saidi.

"Nendeni," akasema Nyanya. "Mrudi Ijumaa, na aombe mwenyewe, kwa mdomo wake."

Wiki ile sikutoka nje. Niliapa kwamba dawa yoyote sitaitia mdomoni kabla sijasoma pakiti mpaka mwisho, hata nikisoma polepole namna gani, na ukweni nikishiba nitasema nimeshiba.

Ijumaa nikaomba mwenyewe. Nyanya alinikagua midomo kwanza, kulia na kushoto, ndipo akasema, "Haya, tumekubali."