Winifred Sugden na Njia ya Mferejini

“Hivi wewe Winifred, unatafuta nini kule kwenye matope kila Jumanne, ambacho huwezi kukipata kwenye kochi lako?”

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, Noreen Haigh, juu ya ukuta mfupi unaotenganisha nyua zao, siku moja Winifred alipokuwa akianika soksi za sufu. Noreen hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na gari tu, na mwenye gari huona kutembea ni adhabu.

“Nafuata mfereji,” akajibu Winifred.

“Mfereji hauendi popote, shoga. Uko palepale miaka mia mbili.”

“Basi ndiyo maana naufuata mimi.”

Winifred alizaliwa Ravensroyd, kijiji cha nyumba za mawe katika mabonde ya Yorkshire. Hapo alisoma, hapo akafuma mazulia kiwandani miaka thelathini na moja, na hapo akazeeka. Gari hakuwahi kujifunza. Aliyekuwa akiendesha ni mumewe, Stanley, na Stanley alipofariki gari likauzwa. Jumanne ya kwanza baada ya mazishi nyumba ilimwelemea. Akavaa koti, akasimama kituoni, akapanda basi la kwanza lililotokea, namba sitini na nane, bila kuuliza linakwenda wapi. Akakaa humo mpaka dereva alipogeuka na kumwambia, “Mwisho wa safari, mama.”

Akashuka kando ya shamba. Mbele yake palikuwa na vidato vya mawe vya kuvukia ukuta. Akavuka, akafuata kinjia kilichoteremka katikati ya kondoo, na kule chini akaukuta mfereji umetulia, bata wakielea, na mashua moja ndefu yenye vyungu vya maua juu ya paa ikingoja milango ya kuzuilia maji ifunguliwe. Akatembea ukingoni maili nne, pale walipopita zamani farasi wa kuvuta mashua, hadi kijiji cha pili, ambako palikuwa na kituo kingine na basi la kumrudisha. Siku hiyo alikula sahani nzima, mara ya kwanza tangu msiba. Akamshukuru Mungu, na Jumanne iliyofuata akarudi.

Halafu akabandika karatasi kwenye ubao wa kanisa lao la Methodisti: “Jumanne. Basi la saa tatu na dakika arobaini. Njoo na buti na chakula chako.” Saa hiyo hakuichagua ovyo, maana kadi za wazee za kupanda basi bure huanza kukubaliwa saa tatu na nusu, na kabla ya hapo mzee hulipa kama kijana. Aliyekuja wiki ya kwanza ni mtu mmoja tu, Clifford Barraclough, dereva wa basi mstaafu mwenye sikio moja linalosikia na mdomo usiopumzika. Mwaka wa pili walikuwa kumi. Sharti lao lilikuwa moja: mnaanzia kituoni, mnaishia kituoni. Gari la mtu halihesabiwi.

Wakaenda hivyo miaka ishirini na mitatu. Mvua ikinyesha, wanakwenda. Theluji ikianguka, wanakwenda taratibu. Mzee Amos Lumb, mwenye shamba, akiwaona huinua mkono, nao huinua wao, na Winifred huita, “Asante, Amos!”

Amos akafa. Shamba likanunuliwa na bwana mmoja kutoka mjini, Giles Fairburn, na mwezi wa tatu kundi la Winifred likashuka kwenye basi na kukuta vile vidato vimeng'olewa, pametiwa geti la chuma, na geti lina kufuli.

“Mbona kuna maegesho ya magari kule chini, karibu kabisa na mfereji?” Bwana Fairburn aliwauliza kwa upole, amevaa buti mpya zisizojua tope.

“Sisi hatuna magari,” akasema Winifred.

“Basi piteni barabarani.”

Barabara ile haina mahali pa mtu wa miguu, na malori ya machimbo ya mawe huipita yakinguruma, kioo cha pembeni kikikukosakosa sikio. Clifford akasema sikio lake moja zima bado analihitaji. Siku hiyo walirudi nyumbani na basi lilelile, mikate yao ya jibini haijafunguliwa.

Winifred hakuwa mtu wa kelele. Lakini alikwenda maktaba, akauliza, akaambiwa sheria ya nchi yao. Watu wakiipita njia miaka ishirini bila kuvunja kitu, bila kujificha, na bila kuomba ruhusa, njia hiyo ni ya watu wote, na mwenye shamba hana la kusema. Neno la kushika ni lile la mwisho. Aliyepita kwa ruhusa amekubali kwamba njia si yake.

Akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na karatasi za ushahidi, kila aliyewahi kuipita njia ile aandike tangu lini.

Bwana Fairburn akapata habari. Mchana mmoja akagonga mlango wa Winifred, akakaribishwa mezani, mkononi kopo la biskuti za siagi, chini ya kwapa karatasi moja safi.

“Bi Winifred, mimi si mtu mbaya. Wewe na wenzako nawaruhusu mpite, siku yoyote. Nitawapa ufunguo. Weka sahihi hapa tu.”

Noreen, aliyekuwa amekuja kunywa chai, akamkanyaga Winifred mguu chini ya meza. “Weka, shoga! Mtu kaja na biskuti!”

Winifred akaisoma karatasi mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia pamoja na kopo.

“Bwana Fairburn, ukinipa ruhusa leo, kesho utakuwa na kitu cha kuninyang'anya. Sikuombi kitu. Chai unaitaka?”

Hakuitaka chai. Alipoondoka, Noreen alipiga meza. “Una kichwa kigumu kama jiwe la kinu! Unataka nini zaidi?”

“Nataka atakayeshuka kwenye basi lile nikiwa nimeshazikwa asiulizwe ufunguo.”

Winifred akapeleka karatasi zake kwenye ofisi ya njia, Bwana Fairburn akapinga, na serikali ikatuma mkaguzi kusikiliza shauri katika ukumbi wa kile kijiji cha pili. Clifford ndiye aliyekuwa na hofu. “Wewe Winnie, ulimi wako utatuponza. Wewe husema asante hata mlango ukifunguka wenyewe.”

Hakukosea. Wakili wa Bwana Fairburn, kijana nadhifu, alianzia hapohapo.

“Bi Sugden, ulikuwa ukimwambia mzee Lumb ‘asante’ kila ulipopita?”

“Kila mara.”

“Kwa miaka mingapi?”

“Yote.”

“Na mtu hushukuru kwa kitu alichopewa, sivyo? Alikupa nini, kama si ruhusa?”

Clifford akafunika uso kwa kofia. Noreen, aliyekuwa amekuja kwa gari lake na kusema amekuja kutazama tu, akaacha kutafuna peremende. Miaka ishirini na mitatu ilikuwa imening'inia kwenye neno moja la adabu.

Winifred aliweka mikono juu ya mkoba wake.

“Mwanangu, basi umewahi kupanda?”

“Maswali nauliza mimi, Bi Sugden.”

“Sisi hapa tukishuka kwenye basi tunamwambia dereva asante. Sote, hata watoto. Huyo Clifford aliendesha miaka thelathini na minne, muulize. Walimshukuru hata siku aliyowapitisha kituo chao. Lakini sijawahi kumwomba dereva ruhusa ya kushuka. Nikifika, nashuka. Amos aliniinulia mkono, nikamwambia asante kwa ule mkono. Njia hakunipa. Nisingempokea asichokuwa nacho.”

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengi. Mkaguzi hakucheka, ila aliandika kwa muda mrefu. Wakili akapekua karatasi zake, akasema hana swali jingine.

Noreen alimngojea mlangoni. “Nikupeleke nyumbani?”

“Basi linakuja, shoga.”

“Ah! Haya, nakuja na wewe. Nauli ni kiasi gani siku hizi?”

Uamuzi ulifika baada ya wiki tisa. Njia imeandikwa kwenye ramani kuwa njia ya watu wote, na vidato virudishwe. Barua kutoka ofisi ya njia ilikuwa ya heshima sana. Ilieleza kwamba geti litaondolewa kwa wakati utakaofaa, ikamwuliza pia Bi Sugden kama angependa benchi lenye jina lake karibu na mfereji, kwa kutambua subira yake.

Alijibu siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino, nyuma ya kadi ya posta:

“Benchi silihitaji. Naomba geti liondolewe kabla ya Jumanne. Tutakuwa watu kumi na wanne, na mmoja wetu ametoka kubadilishwa nyonga, hawezi kuruka.”